Ukiandika dayari unapata nini hasa?

Siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu anakwambia andika dayari. Mara itakuondolea stresi, mara utalala vizuri, mara utapungua kilo, mara utafanikiwa kwenye biashara, na ukipita Makoroboi hapa Mwanza unakuta wamepanga madaftari yenye maua na kamba ya kufungia, bei ya moja unanunua kaunta buku kadhaa za kawaida na nauli ya kurudi Buhongwa inabaki. Wengine wakiyaona hayo wanasema ni mambo ya watoto wa bweni. Wengine wanajaribu, wanaandika siku mbili tatu "leo nimeamka salama, nimekunywa chai", halafu daftari linaishia kuwa la mtoto la kuchorea.

Mimi naona shida ni kwamba vitu kadhaa tofauti kabisa vimechanganywa vikapewa jina moja. Kuna kuandika ili utoe jambo linalokukaba, kuna kuandika usije ukasahau, kuna kuandika ili uone kitu gani kinajirudia kwenye maisha yako bila wewe kujua, na kuna kuandika ya kesho ili ulale. Kila moja ina faida yake na faida hizo hazitoki sehemu moja, ndo maana mtu anafanya ya aina hii huku anategemea matokeo ya aina ile, halafu baada ya wiki mbili anatangaza kwamba dayari ni uongo.

Halafu tusijifanye kwamba ni kitu kigeni. Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi mzigo wa dagaa unaposhuka, kila mama mwenye biashara inayoeleweka ana daftari, nani kachukua magunia mangapi, nani katoa nusu, nani kaahidi Ijumaa. Hamna anayemwambia anaiga wazungu. Anaandika kwa sababu anajua kichwa chake hakiwezi kubeba madeni ya watu ishirini bila kuchanganya. Sasa huyohuyo mama akigombana na dada yake kuhusu kiwanja cha baba, hilo analiacha kichwani miaka sita, analigeuza kila usiku, na kila akiligeuza linakuwa limebadilika kidogo.

Tuanze na hiyo ya kutoa yanayokukaba, maana ndiyo iliyochunguzwa sana kuliko zote. Mwaka 1986 kule Marekani mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichukua wanafunzi wa chuo 46, wakawaambia waandike dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Kundi moja liliandika vitu vya juujuu tu, kama vile viatu walivyovaa. Waliobaki waliambiwa waandike tukio baya lililowahi kuwapata maishani, na hapo ndipo pazuri, maana hao nao waligawanywa: kuna walioambiwa waandike uchungu wao tu bila kueleza kilichotokea, kuna walioambiwa waeleze kilichotokea tu bila kugusa hisia, na kuna walioandika vyote viwili kwa pamoja.

Walipomaliza kuandika, walioandika mambo mazito yenye hisia walitoka wakiwa na huzuni zaidi, hata presha zao zilikuwa juu zaidi. Hili watu wengi hawaambiwi. Unakaa unaandika habari ya kifo cha mama, unamaliza unalia, unasema mbona nimejiumiza bure. Lakini walipofuatiliwa kwa miezi sita mbele, lile kundi lililoandika tukio pamoja na hisia ndilo lililokwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Waliomwaga hisia tu bila stori hawakupata nafuu hiyo, na waliotoa stori kavu kama maelezo ya kituo cha polisi nao hawakuipata.

Hapo tu tayari umeshapata jibu la kwa nini dayari ya fulani inamsaidia na yako haikusaidii. Ukiandika kurasa tatu za "nimechoka, nimechoka, dunia hii" unakuwa umelia kwenye karatasi, na ukiandika "saa mbili nilienda kazini, saa nane nilikula" unakuwa umejaza rejista. Kinachofanya kazi ni vile viwili vikikutana, yaani hiki kilitokea, na kiliniuma hivi, na nadhani kiliniuma kwa sababu fulani.

Baada ya hapo tafiti zikawa nyingi sana na nyingine zinashangaza. 1999 kuna wagonjwa 112 wa pumu na wa yabisi ya viungo waliofanyiwa jaribio la namna hiyohiyo, baada ya miezi minne karibu nusu ya walioandika matukio mazito walionekana na madaktari kwamba wamepata nafuu ya maana, wakati kwa wale walioandika mambo ya kawaida ilikuwa kama robo tu. Na 2013 huko New Zealand walichukua wazee, wa umri wa miaka 64 mpaka 97, wakaandika dakika 20 kwa siku tatu, kisha wakatolewa kijinyama kidogo mkononi ili waone kidonda kinapona vipi. Siku ya 11 walioandika yaliyo moyoni asilimia 76 vidonda vilikuwa vimeshafunga, wenzao asilimia 42. Kidonda cha mkononi, na dawa yake kalamu! Hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliinua macho.

Ila tuwe wakweli hapa, maana wanaouza madaftari ya maua hawafiki sehemu hii. Mwaka 2006 mtafiti Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hii akazipima kwa pamoja, akakuta faida ipo kweli lakini kwa wastani ni ndogo. Ndogo maana yake wapo iliowasaidia sana, wapo ambao haikuwagusa, na wachache iliwaharibia. Kwa hiyo mtu akikwambia dayari itakuponya presha, wewe endelea na vidonge vyako kama daktari alivyosema na dayari iwe pembeni. Kwangu mimi kitu cha dakika 15, kisicho na gharama zaidi ya kalamu, kikiwa na faida ndogo ya kweli hiyo ni biashara nzuri tu, shida ni kukiuza kama muujiza.

Sasa kwa nini kuandika kuwe na nguvu yoyote? Sehemu ya kwanza ya jibu ni kwamba hisia ikipewa jina inapoa. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wanapiga picha ubongo wao, wakakuta mtu akichagua neno la kuitaja ile hisia, ile sehemu ya ubongo inayowaka tukiogopa, wanaiita amigdala, inatulia zaidi kuliko akiwa anaangalia tu. Ndo maana "nina wivu na mke mwenza wa dada yangu", hata ikiwa aibu kuiandika, inakaa vizuri kuliko ile hali ya kuzunguka nyumbani umenuna na hujui kwa nini unawafokea watoto.

Sehemu ya pili ndiyo kubwa zaidi kwa maoni yangu. Pennebaker alikuja kuhesabu maneno kwenye maandishi ya watu kwa kompyuta, akagundua wale waliopata nafuu zaidi walikuwa na mabadiliko fulani kadiri siku zinavyokwenda: maneno kama "kwa sababu", "nimegundua", "sasa naelewa" yalikuwa yanaongezeka. Ambao walianza na stori iliyonyooka tayari, ileile toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hawakupata sana. Faida ilikuwa kwenye ile safari ya kuitengeneza stori.

Chukua mfano wa kutunga tu. Dada mmoja wa Igoma kachukua mkopo wa kausha damu, hajamwambia mume, na shemeji yake kajua. Siku ya kwanza anaandika: "Shemeji ni mchawi, kaja kunisema mbele ya wateja, namchukia, nataka kuondoka mji huu." Siku ya pili anaandika hivyohivyo lakini katikati anaweka, "kusema kweli hakutaja mkopo, alisema tu niangalie watu ninaoshirikiana nao." Siku ya tatu inakuja: "Nadhani kilichoniuma siyo shemeji, niliogopa kwamba ataniwahi kumwambia. Mkopo niliuchukua kwa sababu mzigo wa mitumba ulikwama na niliona aibu kumwomba mume hela mara ya pili mwezi huohuo." Deni liko palepale, riba inapanda palepale. Lakini huyu wa siku ya tatu anaweza kwenda kuongea na mumewe, yule wa siku ya kwanza alikuwa anatafuta basi la kwenda kwao Geita.

Na kichwa kinapata nafasi. Mwaka 2001 watafiti wawili, Klein na Boals, walikuta wanafunzi wapya wa chuo walioandika mawazo yao ya ndani kuhusu kuanza maisha ya chuo walikuja kuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kushika na kuchakata mambo kichwani wiki kadhaa baadaye. Jambo ambalo hujalimaliza linakula nafasi hata kama hulifikirii waziwazi, ndo hapo unamhudumia mteja unamrudishia chenji ya elfu kumi badala ya elfu tano.

Kuna kajambo kadogo kwa wenye watoto wa mitihani hapa, nakapitia haraka. Mwaka 2011 watafiti Ramirez na Beilock waliwapa wanafunzi dakika kumi kabla ya mtihani waandike wasiwasi wao wote kuhusu huo mtihani, na wale waoga wa mitihani walifanya vizuri zaidi kuliko waoga wenzao ambao hawakuandika. Mtoto wa kidato cha nne anayetetemeka mpaka anasahau jina lake mpe karatasi aandike "naogopa kufeli baba atanipiga", badala ya kumwambia asiogope.

Haya, na upande unaodhuru. Mwaka 2013 ilitoka ripoti ya utafiti wa David Sbarra na wenzake, watu 90 waliokuwa wametoka kuachana na wenza wao. Kwa wale ambao kwa asili ni watu wa kuwaza na kuwazua, wanaotafuta maana ya kila kitu, wa "kwa nini mimi, nilikosea wapi, ile siku alimaanisha nini", kuandika kwa kina kuhusu ndoa yao kuliwachelewesha kupona. Waliokuwa na tabia hiyohiyo lakini wakapewa kazi ya kuandika tu walichofanya siku hiyo, bila hisia, walikuwa na hali nzuri zaidi miezi kadhaa baadaye.

Kwa hiyo ile rejista niliyoicheka pale juu, kwa mtu wa aina hiyo ndiyo dawa. Mtu kaachwa, usiku mzima anachambua meseji za miaka mitatu iliyopita, ukimpa daftari umempa uwanja mkubwa zaidi wa kuchambulia. Huyo aandike "nimeamka, nimefua, nimepanda daladala mpaka Nyegezi, nimenunua sato, nimekaanga". Inamrudisha kwenye siku. Kipimo ninachokiona cha maana ni hiki: ukisoma ulichoandika leo na ulichoandika siku tatu zilizopita, je kuna kitu kimesogea? Kama ni sentensi zilezile kwa mwandiko tofauti, funga daftari katembee ufukweni, au mtafute mtu wa kuongea naye. Na kama mawazo yenyewe ni ya kujidhuru, hiyo siyo kazi ya daftari tena, hospitali ya Bugando wana idara ya afya ya akili, nenda, hakuna aibu.

Pia usiwahi sana. Pennebaker mwenyewe huwa anasema kama unaona jambo litakuzidi, kwamba ukiliandika utadata, usiliandike, andika lingine unaloliweza. Mimi nikiangalia tulivyolelewa naona wazee walilijua hili bila utafiti, msiba ukitokea hamna anayekuuliza unajisikiaje, watu wanakuja wanalala kwenye mikeka, wanapika, wanacheza bao nje, wewe unazungukwa tu na watu. Maelezo yanakuja baadaye sana.

Ya kulala ni fupi na ni rahisi kuliko zote. Mwaka 2018 huko Texas, Michael Scullin na wenzake waliwalaza vijana 57 maabara, kabla ya taa kuzimwa nusu wakaandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika yajayo walipata usingizi kama dakika tisa mapema, na kadiri orodha ilivyokuwa na vitu vingi vilivyo wazi ndivyo walivyolala haraka zaidi. Maana yake "kesho nishughulikie mzigo" haisaidii sana, andika "saa kumi na mbili niwe Kamanga kwenye feri, nimpigie wa Sengerema kabla sijavuka, nichukue risiti". Kichwa kikijua kuna mahali pamewekwa kinaacha kukukumbusha kila dakika tano. Mtu akinambia hana muda wa dayari ila usingizi unamsumbua, namwambia afanye hii tu, mengine aachane nayo.

Sasa nakuja kwenye faida ambayo naona inadharauliwa na kwangu ndiyo ya kwanza. Kumbukumbu zetu zinadanganya, na zinadanganya kwa kujiamini.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kinaitwa Challenger kililipuka watu wakiangalia kwenye tivii. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser akawapa wanafunzi karatasi waandike walikuwa wapi, na nani, walisikiaje habari. Akazitunza. Baada ya kama miaka miwili na nusu, yeye na mwenzake Nicole Harsch wakawatafuta 44 kati yao, wakawauliza maswali yaleyale. Robo yao walikosea kila kitu, mahali, mtu aliyewaambia, muda, vyote, na wengi tu wa waliokosea walikuwa na uhakika kabisa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, hamna aliyesema "ahaa kumbe", waliendelea kushikilia ile stori mpya.

Huku kwetu kila mtu wa umri fulani ana stori ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Alikuwa wapi, nani alimwambia, alikimbilia bandarini au alikimbilia redioni, jamaa gani alitakiwa kupanda akakosa tiketi. Mamia ya watu walikufa, wengine walizikwa pale Igoma, na sina sababu ya kumuita mtu yeyote mwongo. Lakini ukikaa na ndugu watatu wa nyumba moja wakusimulie siku hiyo unapata siku tatu tofauti, na kila mmoja anaapa. Kama kuna mmoja aliandika usiku ule, hata mistari minne, hiyo mistari minne ina uzito kuliko yote waliyokuwa wanasimuliana kwa miaka yote hii. (Hata historia ya ziwa hili ilikwenda hivyohivyo, mpelelezi Mwingereza Speke alifika hapa Mwanza Agosti 1858 akaandika, na Sidi Mubarak Bombay aliyekuwa naye kwenye msafara hakuacha daftari, kwa hiyo dunia ikapata ya Speke. Jacob Wainwright, mmoja wa waliosafirisha maiti ya Livingstone mpaka pwani, yeye aliandika lake, na leo linasomwa.)

Mbaya zaidi, kichwa kinajirekebisha kionekane kilijua. Mwaka 1972 rais Nixon wa Marekani alienda Uchina na Urusi, na kabla ya safari hizo watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza wanafunzi kule Yerusalemu waweke uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea. Safari zilipoisha wakaambiwa wakumbuke walikuwa wameandika nini. Yale yaliyotokea, watu wakakumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyokuwa wameyapa kweli. Sisi tunaita "nilijua tu". Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa 2025, tafuta mtu yeyote aliyekuwa na biashara kwenye foleni ya kivuko umuulize alitegemea nini, atakwambia alijua kila kitu. Aliyeandika kabla ndiye atajua kama kweli alijua, au alikuwa anaweka hela kwenye banda jipya wiki chache kabla ya magari kuacha kupita.

Kwenye biashara na kwenye ndoa hii ni kubwa sana. Ukiandika "leo nimekubali kushirikiana na fulani, sababu zangu ni hizi, ninachoogopa ni hiki", siku mambo yakiharibika unarudi unaona ulikosea wapi hasa, ulidanganywa au uliona ukafumba macho. Bila hiyo unabaki na hasira na somo la uongo, "usimwamini mtu", ambalo halikusaidii kuchagua mtu mwingine. Na mambo yakienda vizuri unajua pia kama ilikuwa akili au bahati.

Kinachofuatia ni kuandika ili uone kinachojirudia. Hii haitaki ufundi wa maneno hata kidogo. Kanda ya Ziwa huku selimundu, yaani sikoseli, ni nyingi, na mzazi mwenye mtoto wa hivyo anajua swali la daktari, maumivu yalianza lini, ya mwisho yalikuwa lini, alikuwa na homa, alinyeshewa? Unajibu "kama wiki mbili hivi", na wala siyo uongo, ndivyo unavyokumbuka. Mzazi mwenye daftari lenye tarehe, hali ya hewa, alikula nini, alikunywa maji kiasi gani, amepewa dawa ipi, anakuja na kitu daktari anaweza kukifanyia kazi, na baada ya miezi anaweza kuona mwenyewe kwamba mara nyingi mtoto anaanza kuumwa baada ya siku ya mvua na baridi. Hivyohivyo kwa presha, kwa kichwa kinachogonga upande mmoja, kwa mzunguko wa hedhi.

Kwa chakula na kwa hela ni hivyohivyo. Kuna utafiti wa 2008 Marekani wa watu karibu 1,700 waliokuwa wanapunguza uzito, walioandika wanachokula kila siku walipungua karibu mara mbili ya ambao hawakuandika kabisa. Sehemu ya sababu inaeleweka, ukijua utaiandika ile chipsi mayai ya saa nne usiku unafikiria mara mbili. Andika matumizi yako mwezi mmoja, bando, bodaboda, soda za wageni, michango ya harusi, na uone kama hutapata mstari mmoja wa kukushtua. Kwa watu wengi huwa ni bando.

Kuhusu lile la kuandika mambo ya kushukuru, sitakaa sana. Emmons na McCullough walilipima 2003, kwenye jaribio lao moja watu waliandika mara moja kwa wiki kwa wiki kumi vitu wanavyovishukuru, wakawa na matumaini zaidi na malalamiko machache ya mwili kuliko walioandika kero. Sawa, nakubali. Ila angalia ilikuwa mara moja kwa wiki, sasa wewe unaambiwa kila asubuhi vitu vitatu, mwezi unaisha unaandika "pumzi, pumzi, pumzi" kwa mazoea. Na kwa mtu ambaye hajalipwa mshahara miezi mitatu kumwambia ashukuru kwenye daftari ni dharau kidogo, aanze na lile la hela.

Sasa tuje kwenye maisha yenyewe, maana ushauri mwingi umeandikwa na watu wenye chumba chao na mlango una ufunguo. Wengi wetu tuko chumba kimoja, au chumba na sebule na wadogo zetu wawili na binti wa kazi, daftari unaliweka wapi? Na siyo suala dogo, maana ukijua litasomwa unaanza kuandika kwa ajili ya msomaji, unajieleza, unajitetea, na ile faida yote ya ukweli inapotea. Simu yenye nywila inasaidia, kuna watu wanajitumia meseji wenyewe Wasap, wengine wanarekodi sauti wakiwa wanatembea. Sijaona sababu ya kumkataza mtu simu, ingawa mimi naona mkono ni mzuri kwa sababu ni wa polepole, unalazimika kumaliza wazo moja kabla ya lingine, na huwezi kutoka kwenda kuangalia stetasi za watu.

Lugha andika inayokuja. Kama uchungu unakuja Kisukuma, andika Kisukuma, matusi nayo yaandike kama yalivyo. Kwenye yale majaribio waliambiwa kabisa wasijali tahajia wala sarufi, wasisimamishe kalamu mpaka muda uishe. Kuhusu kila siku au la, sikia, ile ya kutoa machungu ilipimwa kwa siku tatu nne, siyo maisha yote, kwa hiyo unaweza kuitumia jambo likija na kuiacha likiisha. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, taa zao hazivuti dagaa mwezi ukiwaka, na kijana wa visiwani anayetaka kuandika zile siku za kupumzika zinamtosha kabisa. Ya kuhesabu, yaani hela na afya, hiyo ndo inataka kila siku, lakini ni mistari miwili.

Ndo maana nashauri madaftari mawili. La kwanza ni la moyoni, na hilo ukimaliza unaweza kulichana au kulichoma jikoni, maana kinachosaidia ni ile kazi ya kuliandika, karatasi yenyewe haihitajiki tena, na ukijua utalichoma ndo unaandika kweli. Ukiwa na mwenza mwenye wivu choma siku hiyohiyo. La pili ni la tarehe, maamuzi, hela na ugonjwa, hilo usichome hata kipande, liwe kaunta buku lenye jalada gumu, liandike jina na namba ya simu kwa juu, kwa sababu siku ukilisahau kwenye daladala ya Igoma unataka kondakta ajue pa kupiga.